Jibu: Nimefuta mafaili ya logi, diski bado imejaa

Salaam ndugu. Umefuta logi (kumbukumbu za kazi za programu) za zamani kwenye seva ya duka lenu la Kongowea lakini nafasi haijarudi, karani hawezi kusoma faili jipya la logi, na mnataka logi zitunzwe siku 30.

Anza na amri lsof +L1, inaonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamefunguliwa na programu. Kwenye Linux, faili lililofutwa huendelea kula diski mpaka kila programu iliyolifungua ilifunge. Kwa wateja wangu hapa Mombasa chanzo huwa open() isiyo na close(), yaani programu inafungua faili bila kulifunga. Kwenye Python andika with open(...), hata kosa likitokea katikati faili litafungwa. Kwa leo, zima programu uiwashe tena.

Ruhusa: chmod 640 (mwenye faili asome na kuandika, kundi lisome tu, wengine wasiguse), karani awe kwenye kundi la faili. Tafadhali usiweke 777, inayomruhusu kila mtu kusoma na kuandika; mna madeni ya watu humo.

Kutunza logi siku 30 mwachie logrotate, programu inayobadilisha faili la logi na kufuta ya zamani: daily (kila siku), rotate 30 (bakiza 30), create 0640 (faili jipya liwe na ruhusa ileile).