Halua yako ya karoti imekuwa uji? Njoo nikwambie yaliyonikuta mimi

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji. "Dada nimepika halua ya karoti kama ile uliyoposti, karoti kilo mbili maziwa lita mbili, imetoka kama supu, watoto wamekataa, nimemwaga yote. Nimekosea wapi?" Nikaanza kumjibu pale pale, kila nikiandika naona bado sijasema, meseji inarefuka mpaka kidole gumba kinauma, nikasema basi hii si ya kwake peke yake, najua mko wengi mliomwaga kimya kimya na hamtaki kusema.

Mwenzenu sikumwaga. Mimi yangu ilifunuliwa mbele ya watu, bora ningemwaga.

Nianzie mbali kidogo. Nimesoma India, Chandigarh, kule juu kaskazini, mji mkuu wa Punjab na Haryana. Nilifika mwezi wa nane joto kama la Dar na zaidi, nikajua India ndo hivo, mabegi yangu yote madira na tisheti. Ilipofika Desemba nikashika adabu. Asubuhi ukungu huoni nyumba ya jirani, maji ya bomba yanauma kama meno. Nilikuwa nimepanga chumba juu kwa mama mmoja wa Kipunjabi, tulimwita Anti wote, na yule Anti alikuwa ananionea huruma akiniona nimejifunga kanga tatu kichwani nakwenda darasani.

Siku moja Jumapili katoka apni mandi, lile soko la wakulima ambalo leo liko sekta hii kesho sekta ile (sekta ndo mitaa ya kule), kaja na mfuko wa karoti nyekundu. Sio rangi ya chungwa hizi zetu, nyekundu kabisa kama nyanya, ndefu, nyembamba. Zile ni za baridi tu, zinaingia sokoni kuanzia Novemba hivi mpaka Februari, joto likianza huzioni tena. Ukila mbichi ni tamu, ina maji, unaweza ukamaliza tatu umesimama. Akaniita juu ya paa, kule wakati wa baridi wamama wote wanapanda juu ya paa kuota jua, wengine wanafuma masweta wengine wanamenya njegere, akanipa kikwangulio na sahani kubwa ya bati akaniambia kaa hapa beta, yaani mwanangu, leo tunapika gajrela. Ndo jina wanaloliita Wapunjabi, Wahindi wengine wanasema gajar ka halwa.

Nilikwangua kilo tatu. Kucha ya kidole hiki cha kati mpaka leo ina alama.

Kupika sasa. Mimi nilijua nusu saa tumemaliza maana nilikuwa na mtihani Jumatatu. Akaweka karai zito la chuma jikoni, karoti ndani, maziwa ya nyati juu yake (kule maziwa ya nyati ndo ya kawaida, mafuta yake karibu mara mbili ya haya ya ng'ombe, yanaacha utando mdomoni), akawasha moto wa kati akanipa mwiko. Koroga. Nikakoroga. Saa nzima bado ni maziwa na karoti zinaelea. Nikamwambia Anti niongeze moto? Akanigonga mkono. "Hauli hauli." Maana yake pole pole. Kila nikigusa ile swichi ya gesi, hauli hauli. Nilichukia lile neno, wallahi.

Sasa sitawaelezea masaa mawili ya kukoroga, hayana stori. Nitasema mwisho tu. Maziwa yalikauka, karoti zikawa zimelainika zimekaa kama rojo zito, akatia sukari. Nikashangaa maana ile kitu ikarudi kuwa maji tena! Nikajua tumeharibu. Akacheka, akaendelea kukausha kama robo saa, halafu akatia samli, na hapo ndo nikaona kitu ambacho nikifumba macho nakiona mpaka sasa: karoti zilianza kung'aa, zikaacha kushika pembeni ya karai, ukivuta mwiko katikati inabaki njia haijifungi, na samli ikaanza kutoka kidogo kidogo pembeni, nyekundu. Iliki ya kutwanga, korosho, zabibu kavu, na khoya, yaani maziwa yaliyochemshwa mpaka yamebaki donge. Tukala moto moto kwenye vibakuli vya bati tumekaa na blanketi. Nilifeli ule mtihani karibu, lakini mnielewe.

Nikarudi nyumbani, nikaolewa, Idi ya kwanza tunakwenda ukweni Tanga. Bi harusi mpya, mjue. Nikataka nionekane. Watu wanabeba visheti wanabeba keki, mimi nikasema nawapelekea kitu hawajawahi kula maishani, halua ya karoti ya Punjab. Mume wangu akaniambia, "una uhakika?" Nikamwambia wewe ngoja.

Kosa langu la kwanza niliitaja jina. Nilifika nikasema nimewaletea halua. Tanga! Watu wanaoijua halua halisi ile ya wanga na samli, inayokorogwa kwenye sufuria kubwa la shaba mpaka inanata, inafika na kahawa chungu. Wakakaa mkao.

Kosa la pili, nilikuwa nimeipika ile asubuhi, dakika arobaini, na nyumba imejaa, na gesi inakaribia kuisha, na mume anapiga honi nje. Karoti nilisaga kwenye blenda kwa sababu sikuwa na muda wa kukwangua. Sukari nilitia mwanzoni pamoja na maziwa. Moto mkubwa. Chini ikaungua kidogo, juu bado maji, nikajisemea itaganda yenyewe njiani. Halua ya karoti haigandi njiani jamani! Sio jeli ile. Haina kitu cha kuigandisha, ikipoa ni samli tu inashika, maji ukiyaacha ndani yatabaki ndani.

Nikafunua bakuli mbele ya ukoo. Rangi ya chungwa iliyopauka, mapovu pembeni, inatikisika. Kimya. Halafu wifi yangu mmoja, sitamtaja ila akisoma atajijua, akachota kijiko akakiinua juu kidogo kikamwagika, akasema: "Wifi, leo umetupikia uji wa sungura?"

Watu walicheka mpaka wengine machozi. Watoto ndo wakapata jina, kila wakiniona anti uji wa sungura. Mume wangu alikuwa anaangalia simu. Mimi kucheka kwa watu niliweza kuvumilia, ile kuangalia simu ndo ilinikaa. Miaka sita sasa na kila Idi lazima mtu alitaje, na mimi nacheka nao, ukitaka kujua mtu anavyocheka huku anaumia niangalie mimi Idi.

Haya, ushauri. Najua mmekuja kwa ushauri.

Kitu kikubwa ni maji. Karoti karibu yote ni maji, kama asilimia 88 hivi, na maziwa nayo hivo hivo. Piga hesabu: kilo moja ya karoti na lita moja ya maziwa, humo ndani una karibu lita moja na robo tatu ya maji matupu. Kazi yako yote jikoni ni kuyatoa, hamna kingine. Dada yangu wa kilo mbili na lita mbili, wewe ulikuwa na maji lita tatu na nusu ndani ya sufuria, ulipika muda gani? Hukuniambia lakini najua. Dakika arobaini, kama mimi.

Kwa hiyo anza na kilo moja. Kwangua kwa tundu za kati, sio zile ndogo kabisa, na blenda weka mbali, blenda inatoa rojo halina nyuzi na ukila unasikia kama chakula cha mtoto. Hizi karoti zetu za chungwa zinafaa sana, msisikilize wanaosema bila za nyekundu haiwezekani, rangi haitakuwa ile tu. Ila chagua changa. Za Lushoto zikija mbichi na majani yake ni tamu. Zile kubwa nene kiini chake kigumu kama kijiti, utakwangua pembeni ukifika katikati kile kiini utafune mwenyewe.

Sufuria iwe pana na nzito. Pana! Maji yanatoka kwa juu, sufuria refu jembamba utakaa nalo mpaka adhana ya alfajiri. Maziwa freshi yasiyopunguzwa mafuta, lita moja. Moto wa kati, yakichemka punguza, koroga kila baada ya dakika chache, na yakianza kupungua ndo usibanduke hapo kabisa maana yanashika chini. Saa moja na nusu hivi. Simu weka chumbani.

Sukari mwishoni, narudia sukari mwishoni, wakati maziwa yameshakauka. Kikombe kimoja cha chai kisichojaa, onja kwanza karoti zako. Itarudi kuwa maji, usiogope, ndo ilivyo, sukari inayeyuka na inavuta maji yaliyobaki kwenye karoti, kausha tena. Halafu samli vijiko vinne vitano vikubwa, kaanga mpaka ing'ae na njia ya mwiko isijifunge. Na ile khoya, huku kuipata ni shughuli, mimi nachukua kikombe cha maziwa ya unga, vijiko viwili vya samli na robo kikombe cha maziwa, nakoroga kwenye kikaango moto mdogo mpaka inakuwa donge, naimega mega juu. Hii inafidia yale maziwa ya nyati. Iliki twanga mwenyewe, ile ya paketi ya unga imeshakata harufu toka kiwandani. Korosho, zabibu kavu, kaanga kwenye samli kidogo zabibu zikivimba toa.

Ndo hayo tu. Sijui mlitegemea siri gani.

Kuna wanaotumia maziwa mazito ya kopo na presha kuka, nusu saa imeisha. Nimejaribu, inalika, siwezi kusema uongo. Lakini ni pipi. Na hapa niseme ukweli mtanisamehe, sisi wadada wa sa hivi tunataka kila kitu dakika kumi, tunaangalia video ya sekunde thelathini mtu anatia karoti, paap, anatoa halua, tunasahau kwamba katikati hapo alikata masaa mawili. Halafu ikiharibika tunasema mapishi ya Wahindi magumu. Sio magumu, wewe una haraka. Na haraka yenyewe unaenda wapi? Mimi nilikuwa nakimbilia kuonekana na nilionekana kweli.

Kuna kitu sijawahi kusimulia kuhusu ile siku ya Tanga. Bakuli lilibaki limejaa, watu wakaondoka, mimi usiku nimelia chooni nimefungua bomba. Asubuhi nimeamka nakuta mama mkwe yuko uani, kawasha jiko la mkaa, kaweka sufuria lake, anakoroga. Nikachungulia, ule uji wangu. Hakuniambia kitu. Mkaa wenyewe ulikuwa umeshakuwa jivu juu, moto mdogo mdogo, sijui kakaa hapo toka saa ngapi. Nikaketi kwenye kibao pembeni. Baada ya muda kaniuliza, "iliki ulitia?" Nikasema ndio mama. Akasema haisikiki, akaingia ndani akaja na punje tatu kazitwanga kwa chini ya kikombe. Na samli yake ya Tanga akachota kwa kidole, sio kijiko.

Ikashikana. Nyuzi haina, nilishaisaga, na ladha ya kuungua kwa mbali ipo, lakini ilikuwa halua. Tulikula wawili na chai ya rangi kabla watu hawajaamka na tukaimaliza. Yeye hakuwahi kusikia hauli hauli maishani mwake.

Kwa hiyo dada wa meseji, jibu langu hasa ni hilo. Hukuharibu, ulikuwa hujamaliza. Ile uliyomwaga ilikuwa imebakiza saa moja jikoni.

Na mwezi huu binti wa wifi anaolewa. Wiki iliyopita wifi kanipigia mwenyewe, salamu ndefu, habari za watoto, za kazi, joto la Dar, nikajua kuna jambo. Anataka ile halua yangu ya karoti kwa wageni wa upande wa bwana harusi. Kilo nane za karoti, nimeshaagiza, na nimepata kijana wa kunikwangulia maana kidole changu kimestaafu. Samahani hajasema. Kauliza tu nitaifikisha saa ngapi, nikamwambia sijui wifi, ikiiva.