Gia boksi ikigonga, chomoa kijiti kwanza

Msomaji wa Muheza ameandika kwamba Toyota IST yake yenye gia boksi ya otomatiki ikiingia gia ya pili inashtuka kama imegongwa nyuma, na fundi kamwambia atafute gia boksi nyingine kwa sababu hiyo "imekufa". Msomaji huyo alipoulizwa oili ya gia boksi ikoje, jibu likawa kijiti cha kupimia oili hakikuchomolewa kabisa. Hapa Tanga mtindo huo umezidi. Gia boksi ya mtumba ndiyo dawa ya mwisho, na kuna watu wanaigawa kama panadol.

Kabla ya spana kuna swali la kujibu: linagonga wakati gani?

Kama kishindo kinatokea gari limesimama, ukitoa P kwenda R au D, gia boksi yenyewe huenda haina kosa. Tazama rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, injini ikiwa imepata moto na AC imezimwa. Ikikaa karibu na 700 ni sawa, lakini ikisimama 1,000 na kitu, gia inaingia injini ikiwa na kasi na lazima ishtuke. Safisha throto, mlango wa hewa ya injini, kwanza. Kisha pima mauntingi, yaani vishikio vya mpira vinavyobeba injini na gia boksi: fungua boneti, mwenzako akanyage breki kwa nguvu na handibreki ikiwa juu, ahamishe D, R, D na kugusa mafuta kidogo. Wewe simama ubavuni, kamwe usikae mbele ya gari. Injini ikiruka badala ya kuinama kidogo tu, mpira wa mauntingi umechanika. Watu wameshusha gia boksi nzima kwa kosa la mauntingi.

Kama rpm inapanda gari halivuti, halafu linashika ghafla, hapo ni oili pungufu au klachi za ndani zimelika. Na kama limeng'ang'ania gia moja huku taa ya O/D OFF inawaka na kuzima, kompyuta imejikinga. Pima na mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla ya kufungua chochote.

Sasa oili, maana hapa ndipo penye mambo. Liendeshe mpaka Pongwe na kurudi lipate moto, liegeshe pa tambarare, injini iendelee kuunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha lever taratibu kutoka P mpaka L, urudi P. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, usome upande wa HOT. Ukipima injini imezimwa unajidanganya, kwa sababu oili inakuwa imerudi chini na kijiti kinaonyesha nyingi. Magari yasiyo na kijiti hupimwa kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa na joto maalumu la chini, kwa Toyota nyingi nyuzi 35 hadi 45. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia nyepesi inavumilika. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi zimepikwa, jambo la kawaida kwa magari yanayopandisha mizigo Mombo hadi Lushoto kila siku. Ikiwa na rangi ya maziwa yenye waridi, maji ya rejeta yameingia. Usiliwashe tena, maana maji yanabandua gundi ya klachi.

Kwenye IST ya gia nne, nati ya kumwagia oili ya gia boksi kwa kawaida ina tundu la Allen namba 10, ya injini ni spana 14. Ziko jirani, na zipo gari zilizomwagwa oili ya gia boksi huku injini ikiongezewa juu ya ile ya zamani! Ukifungua zinatoka kama lita 3 kati ya karibu 7. Kinga kwenye chupa za maji za lita moja na nusu ujue umetoa kiasi gani, urudishe kiasi hicho hicho kwa faneli yenye mpira mrefu, kisha upime upya. Rudia mara tatu, ukiendesha siku kadhaa katikati, na karibu asilimia 80 itakuwa mpya. Kuosha kwa mashine ya presha gari ambalo halijabadilishwa oili miaka mingi sishauri. Uchafu unang'oka na kwenda kuziba njia za valvu.

Aina ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti. T-IV si WS, hizo ni oili mbili tofauti za Toyota, na CVT (gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia) haiwekewi ATF, oili ya otomatiki, ya kawaida hata muuzaji akiapa. Ukishusha sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi, tazama sumaku iliyomo: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Oili ikiwa safi na bado linagonga, nenda kwenye umeme. Hewa yetu ya chumvi inakula soketi, kwa hiyo chomoa plagi ya gia boksi utafute kutu ya kijani. Namba ya kosa (kodi) P0753 au P0758 kwenye mashine inaelekeza kwenye umeme wa solenoidi, valvu za umeme zinazobadili gia, lakini waya uliokatika nao unaleta kodi hiyo hiyo, kwa hiyo pima: solenoidi za gia kwenye Toyota hizi husoma ohm 11 hadi 15 zikiwa baridi, ya presha 5 hadi 5.6. Iliyotoka nje ya hapo ndiyo unayobadilisha, hiyo moja. Ukichomoa betri, kompyuta inaweza kusahau mazoea yake, liendeshe taratibu kwanza kabla ya kulalamika.

Vipande vya chuma vikijaa kwenye sampo, au gari halivuti D wala R na oili imetimia, hapo tafuta nyingine. Ilingane na namba ya TRANS kwenye bamba la gari, na usiifunge kabla ya kusafisha kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta pamoja na mipira yake, kwa sababu chuma kilichobaki humo kinarudi moja kwa moja kwenye hiyo mpya.