Kabla hujatoa hela ya gemu ya kuchezea Linux

Wadogo zangu mliopo Mbeya, nyie mnaonunua laptopu za mtumba Mwanjelwa na kuzipachika Linux kwa sababu Windows mpya inazilemea, nisikilizeni.

Gemu yangu ya kwanza niliipenda boksi. Kufika nyumbani na kulifungua, hakuna diski: kikaratasi tu chenye namba za kuingiza Steam, duka la gemu la mtandaoni, na gemu yenyewe niishushe mtandaoni, GB arobaini na ushee. Bando langu la wiki lilikuwa GB 5. Tangu siku hiyo, dukani huwa nauliza kwanza, "Ndani mna nini?"

Kama umeshaingia mkenge huo, tafuta rafiki mwenye gemu hiyo hiyo, hata akiwa na Windows. Akunakilie folda ya gemu hiyo iliyomo ndani ya steamapps/common, mahali Steam inapoweka gemu. Iweke mahali pale pale kwako, jina lisibadilike, kisha iambie Steam isakinishe. Itakagua mafaili yaliyopo na kushusha yanayopungua tu. Ila lazima uwe umeinunua kwenye akaunti yako, hapo hakuna ujanja. Na usiichezee kwenye diski ya NTFS, yaani iliyopangwa kwa mtindo wa Windows; Proton, programu ya Steam inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, huwa na visirani humo. Hamishia kwenye ext4, mtindo wa Linux.

Proton ilitolewa na Valve, wenye Steam, mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine, mradi wa tangu 1993 wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux. Kazi yake ni kutafsiri: gemu inaongea Direct3D, lugha ya michoro ya Windows, Proton inaigeuza kuwa Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaielewa. Hapo ndipo mtumba unapoumbuka. Prosesa za Intel za kizazi cha tatu na cha nne, Vulkan yake haijakamilika; ukiweza, chukua kuanzia cha sita. Ukishindwa, andika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye chaguo za kuwashia gemu (Launch Options) ndani ya Steam, itumie OpenGL, lugha ya michoro ya zamani zaidi. Itakuwa nzito, lakini gemu za zamani nyingi zitakwenda.

Diski za kale zenye kufuli la kuzuia kunakili, SafeDisc au SecuROM, zisikupotezee usiku. Hata Windows 10 inayakataa makufuli hayo. Gemu hiyo hiyo ikiwepo GOG, duka lingine la mtandaoni, inauzwa bila kufuli.

Valorant na Fortnite sahau. Programu zao za kuzuia udanganyifu mchezoni haziikubali Linux, na hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo. Nyingine zote zitazame kwa simu ProtonDB, tovuti ambako wachezaji wanaeleza gemu gani inakwenda kwenye Linux, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji na hela iko mfukoni.