Maswali ya Wasomaji: Imani, Serikali na Mtandao Uliofungwa

Wahariri, salaam. Mamlaka ilitangaza kwamba inafunga video moja iliyodaiwa kukashifu dini. Kesho yake tovuti nzima haifunguki, na mawaidha na masomo tuliyokuwa tukiyatumia darasani yamepotea pamoja nayo. Bado tunaambiwa ni video moja tu. Tumuamini nani? (Mwalimu wa madrasa)

Mwalimu, amri inaweza kweli kutaja video moja, lakini kampuni ya simu haina kisu chembamba kiasi hicho. Anwani ya ukurasa ina jina la tovuti, kisha yale yanayofuata baada ya mkwaju (/). Tovuti ikitumia HTTPS, yaani njia ya kuficha mawasiliano kati ya simu yako na tovuti, na siku hizi karibu zote zinatumia, hayo ya baada ya mkwaju husafiri yakiwa yamefichwa. Kampuni huona umeelekea nyumba gani, haioni umeingia chumba kipi. Ikiamriwa kuziba chumba, hufunga nyumba nzima. Njia nyingine ni mwenye tovuti mwenyewe kukubali kuizuia video hiyo kwa watazamaji wa nchi husika.

Nyumba hufungwa mahali patatu. Pa kwanza ni DNS, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa namba: ukiuliza namba, unaambiwa haipo au unapewa ya uongo. Pa pili ni namba yenyewe, na hapa majirani huumia, kwa kuwa tovuti nyingi zisizohusiana huweza kukaa kwenye namba moja. Pa tatu ni salamu ya mwanzo ya HTTPS, ambayo kwa kawaida bado hutaja jina la tovuti waziwazi. Kifaa cha kampuni hulisoma jina hilo na kukata mawasiliano.

Unaweza kupima mwenyewe. Jaribu tovuti hiyo kwa laini ya kampuni nyingine. Ikifunguka, tovuti ni nzima. Kisha soma ujumbe wa kosa. "Seva haipatikani", au ukurasa wa tangazo usioutarajia, mara nyingi ni DNS. Kuzunguka muda mrefu kisha kukata tamaa ni dalili ya namba kuzuiwa. "Muunganisho umekatwa" ndani ya sekunde moja ni dalili ya pa tatu. Ili uhakikishe, kwenye Android 9 na kuendelea ingia mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, andika dns.google, kisha jaribu tena. Ikifunguka, kizuizi kilikuwa kwenye daftari. Ipo pia programu ya OONI Probe, inayopima haya na kuchapisha matokeo hadharani pamoja na jina la nchi na la mtandao uliotumia. Mahali ambapo kupima kunaweza kukutia hatarini, usiitumie.

Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti, yaani uthibitisho kwamba ni yenyewe, hakiaminiki, na ukashauriwa usakinishe "cheti cha usalama" ili mambo yaende, kataa. Kazakhstan iliwataka wananchi wake kufanya hivyo mwaka 2019. Anayeshika cheti hicho anaweza kukaa katikati na kusoma hata yale ya baada ya mkwaju. Mwezi Agosti mwaka huohuo watengenezaji wa vivinjari vikuu walikizuia.

Madhara ya kisu butu huweza kuvuka mpaka. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, ikitekeleza amri ya kufunga YouTube kwa maudhui yaliyodaiwa kuutukana Uislamu, ilitangaza kwamba njia ya kwenda kwenye namba 256 za YouTube inapita kwake. Tangazo lilipaswa kuishia ndani ya nchi. Kampuni iliyokuwa ikiiunganisha na dunia, PCCW ya Hong Kong, ililipokea bila kulihakiki na kulisambaza. YouTube ilikuwa imetangaza kundi kubwa zaidi, namba 1,024, na ruta, mashine zinazoelekeza mawasiliano ya mtandao, hufuata siku zote tangazo lililo mahususi zaidi. Kwa takribani saa mbili, watu wa sehemu kubwa ya dunia walioitafuta YouTube walipelekwa Pakistan na kukuta ukuta. Hakuna aliyekusudia hilo. Lilitokea kwa sababu ruta hazijui mpaka wa nchi wala mpaka wa dini.

Je, sheria za kimataifa zinaruhusu habari kuzuiwa kwa sababu inakashifu dini?

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unalinda imani katika Ibara ya 18 na upashanaji habari katika Ibara ya 19. Kizuizi lazima kiwe kimeandikwa katika sheria, kiwe na kusudi mojawapo kati ya yaliyotajwa (haki na heshima za wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya umma), na kiwe cha lazima kweli. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika aya ya 48 ya Maoni yake Na. 34, ilieleza kwamba sheria za kuadhibu ukosefu wa heshima kwa dini haziendani na mkataba huo. Isipokuwa pale panapokuwa na uchochezi: kueneza chuki ya kidini kwa namna inayowasukuma watu kubagua, kufanya uhasama au kutumia nguvu. Aya hiyohiyo inasema sheria hizo haziwezi kutumika kuzuia viongozi wa dini wasikosolewe. Mstari unaopaswa kutazamwa, basi, ni kama muumini anawekwa katika hatari, si kama amechukizwa.

Nikiwasha VPN, je, nimefichika? Na mbona mtandao ulipozimwa kabisa haikunisaidia?

VPN ni huduma inayopitisha mawasiliano yako, yakiwa yamefichwa, kwenye kompyuta za mwenye huduma hiyo. Haifuti macho, huyahamisha. Kampuni yako ya simu haitaona tena tovuti unazotembelea. Mwenye VPN ndiye atakayeziona. Huduma ya bure ambayo hujui inajiendesha kwa fedha za nani inaweza kuwa inalipwa kwa kumbukumbu zako. Na ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako, tovuti hiyo inakujua vilevile.

Kosa linalowakuta wengi ni VPN kukatika kimyakimya huku simu ikiendelea na njia ya kawaida. Kwenye Android, fungua mipangilio ya VPN, washa ile ya kubaki imewaka daima, na ile ya kuzuia muunganisho usiopita VPN. Kisha tafuta tovuti inayokuonyesha namba yako ya intaneti, uilinganishe kabla na baada ya kuwasha. Isipobadilika, haifanyi kazi hata kama alama ya ufunguo inaonekana. Pakua programu mbili za watengenezaji tofauti mapema, kwa kuwa tovuti za VPN huwa miongoni mwa za kwanza kufungwa. Kabla ya yote hayo, soma sheria ya mahali ulipo: zipo nchi zinazoadhibu matumizi yake.

Anayehitaji ulinzi zaidi hutumia Tor, inayopitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu ili kusiwe na kituo kimoja kinachojua kwa pamoja umetoka wapi na unakwenda wapi. Ni ya polepole, na kampuni ya simu huweza kugundua kwamba unaitumia, isipokuwa ukitumia milango yake ya siri inayoitwa madaraja.

Mtandao ukizimwa wote, hizi zote huwa bure, kwa sababu VPN ni gari na barabara yenyewe imeondolewa. Misri ilifanya hivyo usiku wa kuamkia 28 Januari 2011: matangazo ya njia za nchi karibu yote yaliondolewa, na huduma ikarejea tarehe 2 Februari. Kinachobaki ni ulichokuwa nacho kwenye simu. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia na kuisoma bila intaneti. Misahafu, Biblia na sheria za nchi huhifadhika pia. Ujumbe mfupi wa kawaida ukiwa bado unapita, kumbuka kwamba kampuni ya simu inaweza kuusoma.

Programu yangu ya nyakati za sala inaomba kujua mahali nilipo muda wote. Mwanangu anasema nikatae, lakini naogopa nitaswali nje ya wakati. (Mama msomaji)

Mama, mwanao yuko sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kila dakika 4. Kwenye ikweta digrii 1 ni kama kilomita 111, hivyo ni mpaka usogee karibu kilomita 28 kuelekea mashariki au magharibi ndipo Adhuhuri ibadilike kwa dakika moja. Ukienda mbali na ikweta umbali huo hupungua, na kwenye latitudo ya digrii 60 ni kilomita 14 hivi. Kwa nyakati za sala, jina la mji linatosha. Ukikuta tofauti ya dakika kadhaa kati ya programu mbili, sababu kubwa ni kanuni zilizochaguliwa za pembe ya jua kwa Alfajiri na Isha, au madhehebu kwa Alasiri. Hizo unazirekebisha kwenye mipangilio ya programu.

Kibla nayo haihitaji zaidi. Kwa aliye kilomita 1,000 kutoka Makka, kukosea mahali kwa kilomita 3 hugeuza mwelekeo kwa chini ya robo ya digrii. Dira ya simu iliyo karibu na chuma hukosea zaidi ya hapo.

Kwa hiyo: andika mji kwa mkono, kisha nyima ruhusa ya mahali. Ikikataa kufanya kazi, toa ruhusa ya "mahali pa kukadiria" na "wakati wa kutumia programu tu", zilizopo kwenye iOS 14 na Android 12 na kuendelea. Halafu ufute kitambulisho cha matangazo, kipo upande wa faragha kwenye mipangilio ya Android. Kwenye iPhone, zima ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia.

Haya si wasiwasi wa bure. Novemba 2020 vyombo vya habari vilifichua kwamba data za mahali kutoka programu maarufu ya sala zilipitia kwa dalali hadi kwa makandarasi wa jeshi la Marekani. Mwaka uliofuata, kiongozi mmoja wa kanisa nchini humo alijiuzulu baada ya wachapishaji kupata data za simu zinazouzwa kibiashara na kuzihusisha naye. Data za namna hiyo hazihitaji jina: simu inayolala kila usiku nyumba fulani na kuingia kila Ijumaa au Jumapili jengo fulani imeshamtaja mwenyewe.

Serikali imetoa fedha na ardhi kwa taasisi ya dini. Nikiuliza masharti yake, naambiwa ni siri, na kwamba kuhoji ni kuidharau dini.

Fedha za umma hazigeuki kuwa ibada kwa kuingia mikononi mwa taasisi ya dini. Na wanaosema uwazi ni adui wa imani wasahihishwe kwa historia. Sheria ya kwanza duniani ya kuwapa wananchi haki ya kuona hati za serikali, ya Sweden mwaka 1766, ilisukumwa zaidi na Anders Chydenius, kasisi wa Kilutheri kutoka Ufini aliyekuwa mbunge. Sheria hiyohiyo iliacha maandiko ya teolojia chini ya ukaguzi wa kanisa, lakini hesabu za serikali ilizifungua.

Usiiandikie taasisi. Iandikie ofisi ya umma iliyotoa fedha, kwa sababu hiyo ndiyo inayobanwa moja kwa moja na sheria ya haki ya kupata habari. Omba hati, usiombe maelezo: swali la "kwa nini mliwapa?" hujibiwa kwa aya mbili tamu zisizo na kitu. Andika hivi: "Naomba nakala za uamuzi wa kutoa ruzuku kwa taasisi hiyo, masharti ya ruzuku, na hati za malipo, kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2023. Endapo sehemu ya hati inazuiliwa, naomba sehemu iliyobaki pamoja na kifungu cha sheria kilichotumika."

Ombi la "nyaraka zote zinazohusu" hukataliwa kwa upana wake. Tarehe isiyoandikwa hukuharibia rufaa, kwa hiyo pata muhuri wa kupokelewa au tunza barua pepe. Muda wa kujibiwa ni siku 20 za kazi Uingereza na Marekani, siku 21 Kenya, siku 30 Tanzania. Baadhi ya sheria humruhusu raia peke yake, basi weka uthibitisho wa uraia. Muda ukipita kimya, andika rufaa yenye namba ya ombi na tarehe, bila matusi wala hotuba.

Majina ya waumini usiyaombe, hayo yana ulinzi wake. Tarehe 10 Julai 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata maandishi ya Mashahidi wa Yehova kuhusu watu wanaowatembelea nyumba kwa nyumba yanabanwa na sheria ya kulinda data.

Nimepata hati hizo na nataka kuzichapisha, lakini zina majina ya watu wasiohusika. Je, kuyafunika kwa kisanduku cheusi kunatosha?

Hapana. Katika faili ya PDF, kisanduku mara nyingi hukaa juu tu. Maandishi yapo chini na yanaweza kunakiliwa. Futa jina lenyewe, weka alama mahali pake, kisha geuza kila ukurasa kuwa picha na utengeneze PDF mpya kutokana na picha hizo. Jaribu kuchagua maandishi pale palipozibwa na kuyabandika kwingine; yakitoka, rudia. Usitumie ukungu wala vigae vya rangi, kwa kuwa herufi zake huweza kukisiwa. Hati ulizozipiga picha kwa simu huenda zimebeba saa na mahali zilipopigwa, na PDF hubeba jina la aliyeitengeneza kwenye taarifa za faili. Yaondoe yote hayo kabla hujamtumia mtu yeyote.