Waandikishaji wa jeshi wabaki nje ya lango la shule

Ndugu uliyeandika kwamba wanajeshi wanaotafuta vijana waruhusiwe kuingia shuleni kwa sababu Marekani inafanya hivyo, naomba nikujibu kutoka hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2002 sheria ya elimu huko inazitaka shule za sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape waandikishaji nafasi ile ile wanayopewa vyuo vikuu na waajiri, pamoja na majina, anwani na namba za simu za wanafunzi, isipokuwa mzazi akikataa. Lakini huko kijana wa miaka 17 anaweza kujiunga kwa idhini ya wazazi, ilhali kwetu sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kabisa kumwandikisha aliye chini ya miaka 18. Sasa darasa moja la sekondari lina watoto wa miaka 16 walioketi pamoja na wa miaka 19. Mwandikishaji atawatenganishaje, hali wengi hawana hata cheti cha kuzaliwa?

Tena sisi wa Kivu tunawakumbuka makadogo, wale watoto walioingizwa vitani, wa mwaka 1996. Mimi ningekubali tangazo libandikwe ukutani, na aliyekwisha kupata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari aende mwenyewe kuuliza. Prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule ya sekondari, asimfungulie mwenye sare mlango wa darasa, hata akija na barua ya gavana.