Wauguzi mnaohama na marafiki: kila mmoja asaini chake

*Mimi na rafiki yangu tumeomba kazi Uingereza pamoja. Yeye amefaulu IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, mimi nimeanguka kwenye kuandika. Anasema atanisubiri. Nimkubalie?*

Usimkubalie. Matokeo ya IELTS huhesabika kwa miaka 2, na baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 kila sehemu, isipokuwa kuandika ambako 6.5 inatosha. Ukirudia mara mbili tatu, matokeo yake yanaweza kuisha muda, mkajikuta wote wawili mko mwanzo. Atangulie, na kila wiki akusahihishie insha moja. Akifika kuna OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo 10. Akishaufanya atakuzoesha namna ya kueleza kwa sauti unachofanya, jambo linalowaangusha wauguzi hodari waliozoea kufanya kazi kimyakimya.

*Wakala anataka tudhaminiane: mmoja akiacha kazi kabla ya miaka 3, mwenzake amlipie deni. Sisi ni chanda na pete, naona hakuna shida. Wewe waonaje?*

Shida ipo, tena kubwa, na nasikitika kuona watu bado wanasaini kwanza ndipo wanauliza. Rafiki yako anaweza kuondoka kwa sababu za haki kabisa: ameugua, mzazi amezidiwa, msimamizi anamnyanyasa. Siku hiyo wewe, uliyepaswa kuwa wa kwanza kumwambia "toka hapo", ndiwe utakayembembeleza avumilie, kwa kuwa deni lake ni lako. Nimeona wawili waliolala chumba kimoja miaka minne wakiacha kusalimiana kwa karatasi ya namna hiyo.

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi iliyouridhia imeruhusu kwa sababu maalumu. Basi muulize wakala: deni hili ni la nini hasa? Ni kiasi gani? Linapungua vipi kwa kila mwezi ninaofanya kazi? Akisitasita, ondoka. Na kwa kuwa tumefika hapo: pasipoti na vyeti halisi vikae kwako. Asivishike wakala, wala rafiki "kwa usalama".

*Rafiki yangu hajapata leseni. Anaweza kushika zamu yangu moja kwa jina langu?*

Hapana. Na usiniulize tena.

*Tuko zamu ya usiku. Rafiki yangu alimpa mgonjwa dawa ya presha ambayo alishapewa, kwa sababu muuguzi wa jioni hakusaini chati. Mgonjwa yuko salama, na rafiki yangu ananiomba ninyamaze. Anaogopa kurudishwa nyumbani.*

Hofu yake naielewa. Visa ikishikana na kazi, kila kosa dogo huonekana kama tiketi ya kurudi. Lakini unajuaje kwamba mgonjwa yuko salama? Presha yake mmeipima saa ngapi, na mtaipima tena lini? Baadhi ya dawa hizo hushusha presha saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiinuka kwenda msalani akaanguka.

Mwendee rafiki yako sasa hivi, mchukue kipimo pamoja, daktari wa zamu aitwe, inchaji, yaani msimamizi wa wodi, aambiwe, na mgonjwa mwenyewe aelezwe. Kisha yeye aandike taarifa kwa mkono wake, nawe ukae kando yake anapoandika. Aandike pia kwamba chati haikusainiwa, maana bila hilo kosa la jioni litarudiwa kesho kwa mwingine. Akikataa, wewe utoe taarifa, na umwambie kwanza kwamba unakwenda kuitoa. Kosa lililosemwa usiku uleule mara nyingi huishia kwenye mafunzo. Lililofichwa likigunduliwa huwa udanganyifu, na leseni zitakazochunguzwa ni mbili.

*Wenyeji wananuna tukiongea lugha yetu wodini. Je, ni ubaguzi?*

Ubaguzi upo, nami nimeuonja, lakini hapa wana haki. Mgonjwa aliyelala kati yenu wawili mnaocheka kwa lugha asiyoijua hudhani anachekwa yeye. Chumba cha mapumziko ongeeni mpaka mtosheke. Na siku moja moja kaa meza ya wenyeji. Muuguzi asiyejuana na yeyote isipokuwa mwenzake wa safari hajui hata nani wa kumwomba wabadilishane zamu msiba ukitokea.

*Tunaishi chumba kimoja lakini yeye yuko usiku, mimi mchana. Wiki nne hatujaongea. Urafiki unakufa?*

Mimi na mwenzangu tulijuana kwa viatu. Nikirudi nikakuta vyake vimelowa mlangoni, nilijua amefika na kuna mvua; nikivikosa, nilijua wamemwongezea saa. Tulidhani hiyo inatosha. Mwezi wa tatu ndipo nilipojua kwamba alikuwa amefiwa na babake, akawa analia peke yake mchana mimi nikiwa kazini. Hadi leo linanichoma. Ratiba ya mwezi ujao ikitoka, kabla hamjaombwa zamu za ziada, tafuteni siku mbili mnazopumzika wote na mkaziandikie majina yenu wawili ukutani. Leo muachie karatasi juu ya mto, umuulize swali moja ambalo hawezi kulijibu kwa "mzima tu".