Maswali ya wasomaji: kutoka barabara ya Kipushi hadi bonde la Oisans

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu, ninakaa Katuba, Lubumbashi. Kila Jumapili baada ya misa ninaendesha baiskeli hadi Kipushi na kurudi, karibu kilomita 60, na namshukuru Mungu kwamba miguu bado inanitii. Mdogo wangu anafanya kazi Grenoble, nchini Ufaransa, na amenialika kwake mwezi wa saba. Ananiambia kwamba karibu na hapo kuna bonde la milima ya Alpes ambako waendesha baiskeli wa dunia nzima hukutana, naye anataka siku ya kwanza kabisa tupande pamoja Alpe d'Huez. Je, mtu aliyezoea barabara tambarare kama yetu ataweza? Na kama kuna njia nyingine katika bonde hilo, tuzifuate kwa utaratibu gani?

Mwalimu wa Katuba

Mwalimu, tumeisoma barua yako kwa furaha. Utaweza, ila tunakuomba umshawishi mdogo wako aahirishe Alpe d'Huez hadi siku ya nne, na sababu yetu si pumzi yako.

Bonde analolizungumzia ni la mto Romanche, katika eneo la Oisans, na mji wake mkuu ni Bourg d'Oisans. Mji huo uko kwenye kimo cha mita 720 hivi, wakati Lubumbashi yetu iko kwenye mita 1,200 na zaidi. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa kwenye nchi tambarare umeishi maisha yako yote juu zaidi kuliko wakazi wa mji huo uliozungukwa na milima, na mapafu yako yamezoea hewa iliyo nyepesi kuliko yao. Usichokuwa nacho ni mazoea ya mambo mawili ambayo barabara ya Kipushi haiwezi kukufundisha: kusukuma pedeli kwa saa nzima bila kupata hata mita mia moja za mteremko wa kupumzikia, na kuteremka kwa nusu saa huku mkono ukiwa juu ya breki.

Tuanze na gia, kwa maana hapo ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa. Kwenye baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 19 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza karibu mita 5. Kwenye tambarare hilo ni jambo zuri, lakini kwenye mwinuko wa asilimia 8 utajikuta umesimama juu ya pedeli kwa uzito wako wote na magoti yataumia kabla moyo haujachoka. Azima au kodi baiskeli ya barabarani yenye meno 34 mbele na angalau 32 nyuma. Hapo mzunguko mmoja utakusogeza mita 2 na kidogo tu, na ukizungusha mara 70 kwa dakika utakwenda kilomita 9 na nusu kwa saa. Mwendo huo usikuaibishe. Alpe d'Huez ina urefu wa kilomita 13.8, na kwa mwendo huohuo utafika juu baada ya saa moja na nusu hivi, ukiwa bado na nguvu ya kutazama ulikotoka.

Kuhusu utaratibu, siku ya kwanza nendeni Col d'Ornon (col ni mahali barabara inapovukia mlima), upande wa kusini-magharibi wa mji. Ni kilomita 11 hivi za kupanda hadi kimo cha takriban mita 1,370. Mwinuko wake ni wa wastani, na magari si mengi. Pandeni taratibu, kisha mrudi kwa njia ileile, kwa sababu lengo la siku hiyo ni mteremko. Jifunze kushika sehemu ya chini ya usukani, kuweka uzito nyuma kidogo, kupunguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, na kutazama mahali kona inapoishia badala ya kutazama gurudumu lako. Ukiona mikono inatetemeka, simama. Rudieni zoezi hilo hata mara mbili, Mwalimu, kwa kuwa tunalijali kuliko kilele chochote tutakachokitaja hapa.

Siku ya pili elekeeni Allemond, mpande kuelekea Col du Glandon, mita 1,924, na kutoka hapo kilomita mbili na nusu nyingine hadi Croix de Fer, iliyo juu ya mita 2,060. Ni njia ndefu inayodanganya: baada ya kijiji cha Rivier d'Allemond barabara inateremka ghafla, unapoteza kimo ulichokitafuta kwa jasho, halafu inapanda tena kwa ukali. Mtu asiyejua hukata tamaa hapo. Juu zaidi mtapita bwawa la Grand'Maison. Sisi tunaotegemea umeme wa mabwawa ya Nzilo na Nseke tutalitazama kwa jicho la pekee, maana maji yake huteremshwa kuzalisha umeme wakati mahitaji ni makubwa, na umeme ukiwa mwingi hupampiwa kurudishwa juu kutoka ziwa dogo la Verney, pale Allemond mlikoanzia.

Kisha pumzikeni siku moja, na ndipo mpande Alpe d'Huez. Ina kona 21 zilizopewa namba kwa kuhesabu kurudi nyuma, ya 21 ikiwa chini na ya 1 juu, na kila kibao kina jina la mwendeshaji aliyewahi kushinda hapo hatua ya siku moja ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa. Wa kwanza alikuwa Mwitalia Fausto Coppi, mwaka 1952. Kilomita mbili za kwanza zinakaribia asilimia 10, na wengi humaliza nguvu zao hapo kwa sababu wametoka tambarare wakiwa na miguu ya haraka; wewe ingia kwa gia nyepesi kuliko zote, na usimfuate mdogo wako akikimbia. Baada ya hapo wastani wake ni asilimia 8 hivi, na kila kona ina sehemu ndogo iliyolala ambapo mtu hupata pumzi mbili tatu.

Col du Galibier, mita 2,642, iacheni hadi mwisho. Kutoka Bourg d'Oisans ni karibu kilomita 38 hadi Col du Lautaret na nyingine 8 na nusu hadi juu, na barabara ya bondeni ina malori na mahandaki, kwa hiyo taa ya mbele na ya nyuma ni lazima hata mchana. Ondokeni alfajiri. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kama mmeacha nyuzi 25 mjini, juu mtakuta 13 au chini yake huku jasho likiwa mwilini. Beba koti la upepo na glavu. Waendeshaji wa zamani waliweka gazeti kifuani kabla ya kuteremka, na karatasi bado inazuia upepo vizuri.

Swali la fundi

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kinga (baiskeli) katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wabeba makala (makaa) huniletea magurudumu yaliyoharibika, lakini sijawahi kuona mpira uliopasuka kwa joto la breki. Ni kweli hutokea huko milimani?

Ni kweli, fundi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85, wakiteremka mita 1,100 kutoka Alpe d'Huez, wanaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na inayobaki huingia kwenye breki. Anayeogopa mwendo akaminya breki kidogokidogo njia nzima hupata upepo mdogo na joto kubwa. Kama breki zake ni za kubana ringi, ringi huwaka, hewa ndani ya mpira hutanuka, na mpira unaweza kupasuka. Breki za diski huondoa hatari hiyo kwenye mpira, ingawa nazo huchoka zikichemka. Dawa ni kuachia kwenye sehemu iliyonyooka, kisha kuminya kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona.

Mwalimu naye alisome jibu hili, kwa sababu kwenye Alpe d'Huez sehemu kali kuliko zote huja mwishoni unapoteremka, wakati breki zimekwisha kuchemka. Kona ya 16 iko La Garde. Asimame hapo, anywe maji, angoje hadi ringi isiunguze kidole, ndipo aziendee zile tano zilizobaki.